Jicho linalolala kwapani: kwa nini ukikata kichwa cha mmea, matawi huamka

Nikiwa darasa la nne, kule Lushoto, bibi yangu alinituma nikachume mboga ya jioni. Nyuma ya nyumba kulikuwa na matuta mawili, moja la mchicha na moja la sukuma wiki. Mchicha nilikuwa naujua: unakata kichwa, kile cha juu kilicho laini, unaacha shina limesimama. Basi nikafanya hivyohivyo kwa sukuma wiki. Nikakata vichwa vya tuta zima, nikarudi na kapu limejaa, najiona mchapakazi.

Bibi alitazama kapu, akanyamaza kidogo. Kisha akasema, "Mjukuu wangu, leo umechuma mboga ya miezi mitatu."

Akanieleza: sukuma wiki unachuma majani ya chini, kichwa hakiguswi. Mchicha unakata kichwa. Nikamuuliza, "Kwa nini bibi?" Akajibu, "Ndivyo ilivyo."

Wiki mbili baadaye nilirudi kwenye lile tuta. Mashina niliyoyakata hayakufa. Kila palipokuwa na jani, au kovu la jani lililochumwa zamani, palikuwa pamechomoza kichipukizi. Shina moja lilikuwa na vichipukizi vitano, sita, kila kimoja na vijani vidogo kama vijiko vya chai. Mboga ya kula haikuwepo, lakini mmea ulikuwa hai kuliko nilivyotegemea. Sasa swali langu likawa kubwa zaidi: hivyo vichipukizi vilikuwa wapi siku zote? Na nani alikuwa amevizuia?

Makala hii ni jibu la swali hilo. Wanasayansi wamelishughulikia kwa karibu miaka mia moja, na jibu lenyewe limebadilika njiani zaidi ya mara moja. Twende taratibu.

Kila kwapa lina jicho

Chukua mmea wowote wa karibu: mrehani, mwaridi, maharage, mhogo. Tazama pale jani linapoungana na shina. Hiyo pembe ya juu, kati ya jani na shina, ndiyo kwapa la jani. Ukiangalia vizuri utaona kidude kidogo, wakati mwingine kama kichwa cha pini. Hilo ni jicho. Wanaobebesha michungwa na miembe wanalijua, maana ndilo wanalolikata na kulipandikiza kwenye mti mwingine.

Jicho ni tawi zima lililokunjwa. Ndani yake kuna ncha ndogo ya kukua na vijani vichanga, kila kitu tayari. Likiamka linakuwa tawi. Lisipoamka linaweza kukaa hivyohivyo wiki, miezi, hata miaka kwenye miti.

Kwa mmea hii ni akiba. Mbuzi akipita akala kichwa, mmea una macho mengine kumi ya kuanzia upya. Ndiyo maana nyasi haziishi kwa kulishiwa, na mti uliokatwa unachipua kisiki. Mimea isiyo na akiba hiyo iko hatarini. Mnazi ni mfano mzuri: una ncha moja tu ya kukua, iko juu kabisa katikati ya makuti, na makwapa yake yanatoa makole ya maua na nazi, si matawi. Mbawakawa akiichimba ile ncha mpaka ikaharibika kabisa, mnazi umekwisha, hata kama shina ni zima kutoka juu mpaka chini.

Basi swali si kwa nini macho yanaamka. Swali ni kwa nini yanalala wakati kila kitu kipo tayari. Hali hiyo, ya ncha ya juu kukua huku ikiyazuia macho ya pembeni, tutaiita hapa utawala wa ncha.

Mtuhumiwa wa kwanza: auksini

Mwishoni mwa miaka ya 1920 Mholanzi Frits Went alionyesha kwamba ncha za miche hutoa kemikali inayoweza kukusanywa kwenye kipande cha jeli. Ukikiweka kipande hicho juu ya mche uliokatwa ncha, mche unaendelea kurefuka. Kemikali hiyo ikaitwa auksini. Ilikuwa homoni ya kwanza ya mimea kutambuliwa.

Miaka michache baadaye, kule California, Kenneth Thimann na Folke Skoog wakajiuliza: je, hiyo auksini ndiyo inayolaza macho? Jaribio lao lilikuwa rahisi kueleweka. Walichukua miche ya mmea wa jamii ya maharage uitwao Vicia faba, wakaikata vichwa. Kama ilivyotarajiwa, macho yakaamka. Kisha miche mingine wakaikata vichwa, lakini juu ya kidonda wakaweka kipande cha jeli chenye auksini, wakawa wanakibadilisha mara kwa mara ili isiishe. Macho yakabaki yamelala, kana kwamba kichwa bado kipo.

Hiyo ilikuwa 1933. Ni jaribio safi: ukiondoa kichwa macho yanaamka, ukirudisha auksini peke yake yanalala. Kesi imefungwa, si ndiyo?

Na hapa majani yanaingia kwa mara ya kwanza. Ile "ncha" tunayoisema si nukta moja. Ni kundi la vijani vichanga vinavyoikumbatia sehemu ndogo sana ya kukua. Hivyo vijani ndivyo vinavyotengeneza auksini kwa wingi. Robin Snow, Mwingereza aliyefanya kazi miaka hiyohiyo, alionyesha kwamba ukiondoa vijani vichanga tu, nguvu ya kuyazuia macho inapungua sana. Kwa hiyo anayetawala ni ncha pamoja na watoto wake.

Tatizo: auksini haiingii ndani ya jicho

Watafiti walipopata njia ya kuifuatilia auksini kwa kuitia alama ya mionzi, walikuta jambo la kushangaza. Auksini inatoka juu, inateremka kwenye shina, inapita mbele ya jicho, na kuendelea na safari yake kwenda mizizini. Ndani ya jicho haiingii kwa kiasi cha maana.

Sasa, inalilazaje jicho bila kuligusa?

Jibu moja lilihusu homoni ya pili. Mwaka 1955 Skoog, akiwa sasa Wisconsin, pamoja na Carlos Miller na wenzao waligundua kemikali inayochochea seli za mimea kugawanyika. Waliipata, amini usiamini, kwenye DNA ya manii ya samaki iliyokuwa imepikwa kwa joto kali. Kutoka hapo ikafahamika familia nzima ya homoni iitwayo saitokinini. Ukilipaka jicho lililolala saitokinini, mara nyingi linaamka hata kama kichwa cha mmea bado kipo. Na baadaye ikajulikana kwamba auksini inayopita kwenye shina inapunguza utengenezaji wa saitokinini karibu na macho. Yaani auksini hailipigi jicho; inalinyima chai ya asubuhi.

Jibu la pili linahusu usafiri, na mimi huwa nalielewa nikifikiria foleni. Jicho likitaka kuwa tawi lazima nalo litoe auksini yake na kuiingiza kwenye shina. Kwa kufanya hivyo ndipo linajenga mishipa yake ya kuliunganisha na mmea. Sasa fikiria gari linatoka uchochoroni linataka kuingia barabara kuu saa kumi na moja jioni. Barabara imejaa magari yanayotoka juu, hakuna nafasi. Gari la uchochoroni halijavunjika, dereva yupo, mafuta yapo, lakini haliingii. Ukifunga barabara kule juu, foleni inapungua, nalo linapenya. Shina ndiyo barabara kuu, auksini ya ncha ndiyo yale magari. Wazo hili lilianzia kwenye kazi za Tsvi Sachs, na baadaye likaendelezwa sana na wengine, akiwemo Ottoline Leyser wa Uingereza.

Kwa hiyo mpaka hapo tuna picha nzuri. Ila kulikuwa na mtu na saa yake.

Sukari inafika kwanza

Auksini inasafiri polepole, kama sentimita 1 kwa saa. Chukua mmea wa njegere wenye urefu wa sentimita 40 kutoka kichwani hadi jicho la chini. Ukikata kichwa, pengo la auksini lingechukua zaidi ya siku nzima kufika kwenye jicho lile. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Queensland, Australia, wakiongozwa na Christine Beveridge, walipima macho ya chini ya njegere na kukuta yanaanza kuvimba baada ya saa chache tu, kabla auksini ya pale karibu haijapungua. Waliamka kabla habari haijafika!

Lazima kulikuwa na mjumbe mwenye kasi zaidi. Mwaka 2014 kundi hilo likachapisha jibu lake: sukari.

Sukari inatengenezwa kwenye majani yaliyokomaa kwa usanisinuru, inasafiri kwenye mishipa iitwayo floemu, na mwendo wake unaweza kupita mita 1 kwa saa. Ncha inayokua ni mlaji mkubwa. Vijani vichanga bado havijajitegemea, vinavuta sukari kutoka kwa wakubwa wao. Jicho la pembeni halipati cha kutosha. Ukikata ncha, mlaji mkubwa hayupo, na ndani ya muda mfupi sukari inaelekea kwingine. Macho yanashiba, yanafumbuka.

Na hawakuishia kwenye kusema tu. Waliwapa mimea sukari ya ziada huku kichwa kikiwa palepale, na macho yakaanza kuamka. Na walipouondolea mmea majani, yaani chanzo cha sukari, kukata kichwa peke yake hakukuwa na nguvu ileile.

Je, hii inamaanisha Thimann na Skoog walikosea? Hapana. Jaribio lao ni sahihi hadi leo. Kuna hatua mbili. Kwanza jicho linafumbuka, na hapo sukari ina usemi mkubwa. Pili jicho linaamua kuendelea kuwa tawi au kurudi kulala, na hapo auksini, saitokinini na wengine ndio wanaoamua. Umeona mwenyewe pengine: unakata kichwa cha mrehani, macho manne yanachomoza, lakini baada ya wiki mawili ya juu yamekua na mengine yamesimama. Yale mawili sasa ndiyo ncha mpya. Yameanza kutoa auksini na kuvuta sukari, na wenzao wa chini wamerudishwa usingizini.

Jani lina sura tatu

Sasa tunaweza kusema vizuri majani yanafanya nini, maana watu wengi wanadhani jani ni jani.

Jani changa la kichwani ni mtawala. Linatoa auksini na linavuta sukari. Kuwepo kwake kunayalaza macho ya chini.

Jani lililokomaa ni mpishi. Linatengeneza sukari, kwa hiyo bila hilo jicho haliwezi kuamka vizuri hata likipewa ruhusa. Hii ndiyo sababu mmea uliokatwa kichwa na kupukutishwa majani yote kwa pamoja unachipua kwa shida. Umeondoa bosi, sawa, lakini umemfukuza na mpishi.

Jani kubwa la juu au la jirani ni mwavuli. Umbijani, ile rangi ya kijani ya jani, inafyonza mwanga mwekundu na kuuachia upite mwanga wa mbali zaidi ya wekundu, ambao sisi hatuuoni lakini mimea inauona. Mmea una protini iitwayo fitokromu inayopima uwiano wa aina hizo mbili za mwanga. Mwanga mwekundu ukiwa kidogo kuliko ule mwingine, mmea unajua: nimezungukwa na majani ya wengine. Unafanya nini? Unaelekeza nguvu kwenda juu na kuyalaza macho ya pembeni. Tawi la kivulini litalipa nini?

Ndiyo maana mchicha uliomwagwa mbegu bila kupunguzwa unakuwa mrefu mwembamba, hauna tawi hata moja, na mchicha uliopewa nafasi unajaa kama kichaka. Mbegu ni ileile. Maji ni yaleyale. Macho ya wa kwanza yamelazwa na kivuli cha kijani.

Ndani ya jicho ishara zote hizi zinakutana kwa kiasi kikubwa kwenye jeni moja ambayo watafiti wameiita BRC1. Ikiwaka kwa nguvu, jicho linalala. Ikizimwa, linaamka. Kivuli kinaiwasha. Sukari inaizima. Saitokinini inaizima. Ni kama swichi moja yenye vidole vingi juu yake.

Mahindi yanatuonyesha nguvu ya swichi hiyo. Babu wa mahindi ni nyasi ya porini ya Mexico iitwayo teosinte, yenye matawi mengi na vigunzi vidogo vidogo. Wakulima wa kale wa huko, miaka karibu 9,000 iliyopita, walianza kuchagua mimea yenye shina moja na magunzi machache makubwa. Mwaka 1997 kundi la John Doebley lilieleza jeni iliyobeba sehemu kubwa ya badiliko hilo. Ni ndugu ya BRC1, na kwenye mahindi inafanya kazi kwa nguvu zaidi kuliko kwenye teosinte. Kwa maneno mengine, wakulima wale walichagua mmea wenye macho yanayolala fofofo. Kila ukiona shamba la mahindi limesimama shina moja moja, unaona kazi yao.

Ujumbe kutoka mizizini, na adui anayeusikiliza

Bado kuna homoni moja, na kwetu Afrika Mashariki hii si habari ya maabara tu.

Watafiti walikuwa na njegere zilizoharibika jeni fulani, zinatoa matawi hovyo. Walichukua kichwa cha njegere kama hiyo wakakiunga juu ya mzizi wa njegere nzima. Matawi ya hovyo yakakoma. Maana yake mzizi mzima ulikuwa unapeleka juu kitu kinachosema "laleni", na ile njegere iliyoharibika haikuweza kukitengeneza. Kwa miaka mingi kitu hicho hakikujulikana. Mwaka 2008 makundi mawili tofauti yakakitaja kwa pamoja: strigolaktoni.

Jina hilo halikuwa jipya. Limetoka kwenye Striga, gugu ambalo Tanzania tunaliita kiduha, na wengine gugu chawi. Kama unatoka ukanda wa Ziwa Victoria, upande wa Kenya, Uganda au Tanzania, unalijua: maua yake ya zambarau yanapendeza, na chini yake mahindi au mtama umedumaa. Kiduha kinajiunga na mizizi ya nafaka na kunyonya maji na chakula. Mbegu zake ni ndogo kama vumbi, mmea mmoja unatoa maelfu kwa maelfu, na zinaweza kukaa ardhini zaidi ya miaka 10 zikisubiri. Mbegu ndogo hivyo haina akiba ya chakula. Ikiota mbali na mzizi inakufa ndani ya siku chache. Kwa hiyo haioti mpaka isikie harufu ya mzizi jirani. Mwaka 1966 watafiti Marekani walitenga kemikali inayoiamsha, na kuiita strigoli. Ilikuwa ya kwanza kujulikana kwenye familia ya strigolaktoni.

Tazama ajabu yake. Kemikali ileile inayolilaza jicho kwapani, ikivuja kutoka mzizini, inaiamsha mbegu ya adui ardhini.

Kwa nini mmea uimwage? Kwa sababu ya rafiki. Mwaka 2005 watafiti wa Japani walionyesha kwamba strigolaktoni zinawaita kuvu wa udongoni ambao wanajiunga na mizizi na kuiletea fosforasi. Udongo ukiwa na fosforasi kidogo, mimea mingi hutengeneza strigolaktoni zaidi. Faida ni mbili kwa mpigo: kuvu wanaitwa, na macho ya pembeni yanalazwa, maana si wakati wa kuongeza matawi wakati chakula ni haba. Kiduha kinadukuza mazungumzo hayo.

Sasa unaelewa kwa nini wakulima wanasema kiduha ni gugu la ardhi iliyochoka. Ardhi iliyochoka inaufanya mmea upige kelele zaidi, na adui anasikia vizuri zaidi. Ndiyo maana samadi na mbolea ni sehemu ya vita hivi, si kuling'oa gugu tu. Ndiyo maana pia kuna mazao kama pamba ambayo mizizi yake inaziamsha mbegu za kiduha lakini haiwezi kunyonywa. Mbegu inaota, inakosa pa kushika, inakufa.

Turudi bustanini

Nadhani sasa unaweza kumjibia bibi yangu.

Sukuma wiki tunataka majani makubwa, na ncha moja inayovuta sukari yote ndiyo inayoyatoa. Kwa hiyo tunachuma majani ya chini, yaliyozeeka na kuanza kupata kivuli, tunamwachia bosi kichwa chake pamoja na majani kadhaa ya kumlisha. Ukikata kichwa, sukari ileile inagawanywa kwa vichipukizi sita, kila kimoja kinapata kidogo. Ndivyo nilivyopata vijiko vya chai.

Mchicha tunakula shina laini na majani kwa pamoja, na ukiachwa utakimbilia kutoa maua. Ukikata kichwa unapata matawi matatu, manne, yote laini, na unachuma tena. Ila usikate mpaka chini kabisa. Acha majani kadhaa ya kupika, na makwapa ya kuchipulia.

Chai ni hesabu hiyohiyo kwa kiwango cha mashamba makubwa. Mchai ukiachwa unakuwa mti wa mita kadhaa. Pale Kericho, Mufindi au Usambara unauona uko kiunoni, bapa kama meza, kwa sababu kila baada ya siku chache mchumaji anaondoa majani mawili na kichipukizi. Kila mchumo ni kuondolewa kwa ncha, na kila ncha inayoondoka inaacha macho yaamke chini yake. Katika miche michanga ya chai baadhi ya wakulima hawakati hata kidogo. Wanaulaza mche ubavuni na kuushikilia kwa vigingi. Ncha ikiinamishwa inapoteza sehemu ya nguvu yake, na macho ya upande wa juu wa shina yanasimama.

Na nyanya? Ukitaka chache kubwa kwenye nyanya ndefu, unavunja vichipukizi vya kwapani vikiwa vidogo. Hapo unaisaidia ncha kutawala.

Jaribu mwenyewe

Huhitaji maabara. Tafuta makopo 12 yaliyotobolewa chini, udongo uleule, na mbegu za maharage au kunde. Panda, ukisubiri mpaka kila mche uwe na majani matatu au manne yaliyofunguka. Kisha gawa makundi manne ya makopo matatu matatu, maana mche mmoja unaweza kukudanganya:

1. Kundi la kwanza liache lilivyo.
2. La pili kata kichwa, juu kidogo ya jani la tatu.
3. La tatu kata kichwa palepale, halafu ondoa na majani yote makubwa.
4. La nne usikate. Inamisha shina taratibu, ulifunge kwa uzi ili ncha ielekee chini.

Yaweke yote pahali pamoja penye jua. Kila asubuhi pima kwa rula urefu wa kila jicho kwapani, uandike kwenye daftari, kwa siku 10. Kabla ya kuanza, andika unachotegemea kutoka kila kundi. Tofauti kati ya kundi la pili na la tatu ndiyo tofauti kati ya kumwondoa bosi na kumfukuza mpishi. Kama matokeo yako hayafanani na niliyoyasema hapa, usiyafute. Angalia kwanza maji, jua na mahali ulipokata, halafu rudia.

Lile tuta la sukuma wiki halikupotea, by the way tuseme hivi: bibi hakung'oa hata shina moja. Vichipukizi vilipofikia urefu wa kidole alivibandua kimoja kimoja kutoka kwapani, akavipanda kwenye tuta jipya, akavimwagilia jioni na kuvifunika kwa majani ya migomba. Vingi vilishika. Kila kimoja, kikiwa sasa peke yake na hakuna wa kugombania naye sukari, kikawa na ncha yake na majani makubwa. Tulikula mboga ile mpaka tukaigawa kwa majirani.

Sikuwahi kutumwa tena kuchuma sukuma wiki peke yangu, lakini.